Kijiti Kisicho na Pengo

Kijiti cha dada kipo kwenye sinia tangu jana jioni, na hakuna ruhusa ya kukigusa. Asubuhi mke wangu alifuta meza yote akakizunguka, kwa uangalifu ule wa kumzunguka mtoto aliyelala. Wageni wakija huuliza hivi ni vitu gani, tunawaambia ni fumbo la mbao, wanachukua kijiti kimojawapo, wanakigeuzageuza, wanasema "kumbe", kisha wanarudi kwenye simu zao. Siwalaumu. Simu zao ndizo zinazonilisha.

Maana mimi, niliyekulia katika nyumba ambamo simu zilifungiwa kabatini kila jioni, niliishia kuwa fundi simu. Siku nilipomwambia Mama kwamba nimepata kibanda cha kutengenezea simu, alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema angalau nitajua pa kuzizimia.

Yeye alikuwa seremala. Si mke wa seremala, kama walivyodhani watu wengi waliofika kwake mara ya kwanza, wakamkuta anapiga randa na wakamuuliza fundi yuko wapi. "Fundi ametoka," aliwajibu bila kuinua kichwa. "Semeni shida yenu, nitamfikishia." Kazi ikiisha walirudi kumsifu fundi, naye akapokea salamu zake na kuahidi kuzifikisha. Baba alisema mke wake ndiye mtu pekee anayejisengenya mwenyewe na kufurahi.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta wa jikoni, kwa hiyo tulikula na kulala katika harufu ya mbao na gundi. Hakutupa kipande. Mabaki ya vitanda na makabati yaliingia kwenye debe chini ya meza ya kazi, na siku za mvua, wateja wakiadimika, debe lile lilizaa mafumbo: pete mbili zilizoshikana bila ufa, kisanduku kisicho na mfuniko ambacho lazima kiwe na mfuniko, gololi ya mbao ndani ya kizimba kidogo. Mengi aliyagawa kwa watoto wa wateja. Moja hakuligawa, nalo tukaliita Kichwangumu.

Kichwangumu alikuwa vijiti sita vya mbao nyekundu, kila kimoja urefu wa kidole, vinavyopitana na kukumbatiana mpaka vinakuwa nyota nene inayojaa kiganjani. Vitano vilikuwa na mapengo, kila kimoja na yake. Cha sita hakikuwa na pengo hata moja. Kilikuwa kimenyooka na laini, mwanzo hadi mwisho, na ndicho kilichoingia baada ya vyote, kikapita katikati ya wenzake na kuwafunga. Kikikaa sawasawa kilitoa mlio mdogo, kama ulimi unapogonga kaakaa. Baada ya hapo ungeweza kumbwaga Kichwangumu sakafuni asiachie. Mama alichonga kwa kubana mno. Fundi mwenzake, bwana mmoja mwembamba tuliyemwita Msumari, alimwambia huo si ustadi tena, ni uchoyo.

Kila jioni baada ya kula, sahani ziliondolewa, simu zikaingia kabatini kukaa na vikombe vya wageni, na Mama akamfungua Kichwangumu. Yeye alishika vijiti viwili, Baba viwili, mimi kimoja, na dada, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa, alishika kile kisicho na pengo. Kijiti changu ndicho kilichowekwa mwanzo kabisa, na kwa miaka mingi nililalamika kwamba baada ya hapo sina kazi ila kutazama. Mama alisema kutazama nako ni kazi, tena mimi siiwezi vizuri.

Usidhani tulichoka kwa kuwa tulishamjua. Tulipomjua, Mama alibadilisha masharti. Leo mkono wa kushoto, kesho macho yafumbwe, keshokutwa tuanzie kijiti cha Baba, na hapo kila kitu kiligeuka. Mwenye zamu alipapasa akitafuta upande, na haikuruhusiwa kumwelekeza. Ukiulizwa umefika wapi, jibu lilikuwa moja tu: bado. Hakuna "nakaribia", hakuna "nimekwama", hakuna "hebu nisaidieni". Na hakuna aliyeinuka mezani kabla Kichwangumu hajafungwa. Baba, aliyekuwa mpishi wa shule na kushinda akipigizana kelele na masufuria na watoto mia kadhaa, alikipenda kimya kile kuliko usingizi. Nilikuwa namwona mabega yakishuka, kidogo kidogo, jinsi vijiti vilivyoongezeka. Nakumbuka mikono minane chini ya taa moja, na hakuna anayetaka kuwa mahali pengine.

Isipokuwa dada, kumbe, na hilo hatukutaka kuliona.

Alikuwa amesomea uuguzi, lakini mikono yake ilikuwa ya Mama. Alipokuwa nyumbani akisubiri kazi alishinda karakanani, na mbao alizopiga randa yeye zilikuwa zinateleza kama sabuni. Mama alimhesabia kwamba amebaki. Hakusema, alianza tu kuchonga kibao kipya cha kuweka barabarani, SEREMALA NA BINTI, akakifunika kwa gunia mpaka kitakapokamilika. Dada naye alikuwa ameomba kazi katika hospitali ya mji mmoja ng'ambo ya milima, mji ambao inasemekana mvua ikiacha kunyesha watu hutoka nje kuangalia kuna nini.

Jioni hiyo sharti lilikuwa macho yafumbwe. Mimi nilikuwa nimeshaweka changu, Baba vyake, na Mama alikuwa anapapasa cha mwisho kati ya viwili vyake. Simu ikalia kabatini, ikatikisa vikombe. Ikanyamaza. Ikalia tena.

"Mama," dada alisema, "hiyo ni ile simu ninayoisubiri."

"Watapiga kesho."

"Kesho watampigia mwingine."

Mama hakufumbua macho. "Fumbo liko wazi," alisema. "Ukiinuka, umeinuka."

Dada akainuka. Alizungumza akiwa ameinama mbele ya kabati, kidole kimoja sikioni, akijibu ndiyo, ndiyo, naweza, ndiyo. Walimtaka haraka. Aliporudi mezani kutuambia, alimkuta Mama amekaa vilevile, macho yamefumbwa, nyota yenye tundu katikati imetulia kwenye viganja vyake. Alisubiri kidogo, kisha akaenda kufunga mizigo. Asubuhi aliondoka kabla chai haijachemka.

Jioni yake Mama akatandaza vijiti, na ndipo tulipogundua kwamba kile kisicho na pengo hakipo. Tulikitafuta chini ya meza na hata kwenye maranda ya karakanani, huku kila mmoja akijua kilipo. Miaka baadaye dada aliniambia alikikuta mfukoni akiwa njiani. Hakuwa na moyo wa kurudi nacho, wala wa kukitupa.

Mama angeweza kuchonga kingine kabla chai haijapoa. Hakuchonga. Alivipanga vile vitano kwenye sinia la mbao, sinia likawa katikati ya meza, na sheria ya simu ikabaki palepale. Tulikaa. Mafumbo mengine yalikuwepo, tukayafungua na kuyafunga, lakini yalikuwa ya kupitishia muda. Kile kibao cha barabarani alikigeuza uso chini, akakifanya rafu ya makopo ya gundi.

Msumari ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku moja alikuja na kijiti alichokichonga mwenyewe, mbao ileile, kipimo kilekile, amekipiga msasa mpaka kinang'aa. Akamkusanya Kichwangumu mbele yetu, akakisukuma katikati, kikaingia na kulia vizuri. Akatutazama kama mtu aliyeleta mvua. Mama alimshukuru sana, akamnywesha chai, akakichomoa kile kijiti taratibu na kumrudishia kiganjani.

"Kazi nzuri," alimwambia. "Ila hapa pana mwenyewe."

Msumari alikitumia kukorogea rangi, na kila alipokorogea alituonyesha.

Mimi nilizungumza na dada kwa simu. Aliuliza habari za Baba, za mvua, za karakana, na mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo mlangoni, aliuliza kama Mama ameshachonga kijiti kingine. Nikimwambia bado, aliniaga. Nilipomnyoshea Mama simu wazungumze, alitikisa kichwa. "Simu haina mikono," alisema. Nilikasirika. Nilimwambia dada aje basi yeye, akasema hatakanyaga mahali alipoambiwa ameinuka mpaka aambiwe akae. Wawili hao walikuwa wamepasuliwa kutoka gogo moja, na mimi na Baba tulikuwa maranda yaliyobaki.

Miaka ikaenda hivyo. Nisingekuwa na hadithi kama isingekuwa baridi yabisi.

Ilianzia kwenye vidole gumba. Mama alisema ni hali ya hewa. Kisha patasi ikaanza kumponyoka, akasema mpini umechakaa. Kisha nikamkuta asubuhi moja anahangaika na vifungo vya gauni lake, na Baba amesimama kando, mikono nyuma, kwa sababu alikuwa amekatazwa kumsaidia. Akapunguza kazi, Msumari akachukua vitanda, Mama akabaki na viti, halafu vigoda, halafu akawa anakaa karakanani tu. Siku niliyoogopa hasa ni ile niliyomwona mezani akijaribu kuviweka pamoja vile vijiti vitano, na kimoja kikamdondoka, na alipokiokota kikamdondoka tena. Alivirudisha kwenye sinia akasema amechoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna siku inakuja ambapo dada akirudi hatakuta mtu wa kufunga naye, ingawa mama yake atakuwa amekaa palepale.

Nilimpigia dada nikamwambia hivyo hivyo. "Vidole vya Mama vinakataa. Mwaka ujao sidhani kama ataweza kushika kijiti." Nilisikia mvua ya huko ikipiga bati.

Alikuja mwisho wa wiki. Alisimama mlangoni na begi dogo la zipu, akamwamkia Baba, akamwamkia Mama, na begi akaliacha palepale chini ya ndoano ya makoti, halijafunguliwa, likielekea nje. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili tu. Alikuwa amenenepa kidogo na anatembea haraka, kwa namna ya watu wa wodini. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Umekileta?" aliuliza.

Dada alikitoa kwenye mkoba. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye bandeji safi.

Hatukungoja jioni wala chakula. Simu zikaingia kabatini, tukakaa kila mtu mahali pake. Niliweka changu, Baba akaweka vyake, na Mama akaanza. Sijui alitumia muda gani. Najua kwamba kila pingili ya vidole vyake ilikuwa imevimba, na kwamba mara mbili kijiti kilimtoka, na kwamba dada, ambaye kazi yake kila siku ni kushika mikono ya wagonjwa, alikaa amefumbata yake mapajani kwa sababu sheria ni sheria. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Baba alimuuliza Mama kwa upole amefika wapi. "Bado," Mama alisema. Kisha akaweka.

Dada akachukua kijiti chake, akakilenga kwenye tundu, akasukuma. Kikaingia upana wa ukucha, kikagoma.

Akageuza upande mwingine. Kikagoma. Alijaribu pande zote, na niliona uso wake unavyoanguka. Mimi nikaruka kwenda karakanani nikarudi na kipande cha msasa, nikitaka kusema mipapaso miwili tu itatosha.

"Rudisha hiyo," Mama alisema. Alikichukua kijiti, akakipapasa ubavuni kwa kidole gumba kilichopinda, akakinusa. "Hiki hakina kosa. Kimekunywa maji ya huko. Ukikipunguza leo, kikikauka kitalegea maisha yake yote." Akakilaza kwenye sinia. Kisha akamfungua Kichwangumu tena, kijiti kimoja kimoja, kazi yote ile ya maumivu, akavilaza vile vitano ubavuni mwa kile. "Kiache kilale na wenzake. Kizoee hewa ya hapa."

"Kwa muda gani?" dada aliuliza.

"Kitasema chenyewe."

Dada alitazama begi mlangoni. Alisema anatakiwa kazini, kwamba ruhusa ilikuwa ya siku mbili, kwamba hajui. Mama aliinuka. Mezani, fumbo likiwa wazi, Mama aliinuka, na Baba na mimi tukatazamana kwa mshangao. Alikwenda kwenye kabati, akahangaika na kitasa mpaka kikakubali, akatoa simu ya dada na kumwekea mkononi.

"Wapigie," alisema. "Waambie bado."

Dada alilia kwa sauti, kichwa kwenye tumbo la Mama, na Mama akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichoshindwa kukunjuka. Alipomaliza kulia alipiga simu. Baada ya hapo nilisikia zipu ya begi ikifunguliwa.

Kila asubuhi tuliuliza, na kila asubuhi Mama alisema bado. Dada alikaa. Alimchua Mama vidole kwa mafuta ya moto, akanifundisha na mimi, akamfundisha Baba, ambaye alionekana kuwa na mikono mizuri kuliko wote. Alikwenda karakanani akashusha makopo ya gundi, akakigeuza kile kibao, akakisoma, akakirudisha uso chini na kupanga makopo kama yalivyokuwa. Msumari alikuja kumsalimia, akatazama kijiti kwenye sinia na kutukumbusha kwamba kuna kingine kinachoingia bila matatizo, ila kwa sasa kina rangi ya kijani.

Asubuhi moja niliamka mapema kutafuta maji ya kunywa. Mama alikuwa mezani peke yake, mgongo kwangu, anga ndiyo kwanza linapata weupe dirishani. Alikuwa amemkusanya Kichwangumu. Sijui aliamka saa ngapi hata akaweza. Nilimwona anachukua kijiti kisicho na pengo, anakiegemeza kwenye tundu, na kukisukuma kwa sehemu ya chini ya kiganja, kwa kuwa vidole havikuwa na nguvu. Kikaingia chote. Ule mlio nikausikia vizuri kabisa, ulimi kwenye kaakaa.

Alikaa amemkumbatia kifuani kwa muda. Kisha akakigonga kijiti kwenye ukingo wa meza, polepole, kikatoka, akavifungua vyote na kuvilaza kwenye sinia kama vilivyokuwa. Nilirudi kitandani bila maji.

Wakati wa chai dada alipuliza kikombe chake na kuuliza kama kijiti kimesema chochote.

"Bado," Mama alisema, na kumega mkate.

Aliendelea kusema hivyo mpaka hospitali ilipopiga simu kwa ukali. Jioni ya mwisho tukakaa. Sote tuliweka vyetu, na zamu ya dada ilipofika alikishika kijiti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akachukua kiganja cha Mama, akakiweka juu, na hakuna aliyetaja sheria. Wakasukuma pamoja. Asubuhi, dada akiwa na begi lake mlangoni, Mama alimfungua Kichwangumu tena, akakiviringisha kile kijiti kwenye bandeji yake na kumpa.

"Nenda nacho."

"Kitavimba tena, Mama."

"Najua," Mama alisema.

Kikavimba, kila mara. Kila mwaka dada alikuja nacho, kikalazwa na wenzake, na Mama akawa ndiye mwenye kutangaza. Kuna mwaka kilichukua majuma kukauka, na ulikuwa mwaka wa jua kali.

Mama hayupo tena, na Baba alimfuata baada ya muda usio mrefu. Siku chache baada ya kumzika Mama, dada na mimi tulikuwa tunaosha vikombe, vile vya wageni, na mimi nikaona ni wakati wa kumwambia nilichokiona asubuhi ile. Alinisikiliza huku anafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

"Mdogo wangu," alisema, "chumba changu kilikuwa ukuta mmoja na meza ile. Mlio huo nimeusikiliza toka sijajua kusoma. Nilimsikia asubuhi hiyo na zote zilizofuata."

"Na hukusema."

"Yeye alisema bado. Mimi ni nani?"

Jana amekuja. Nywele zake zimeingia mvi, na huko kwake mvua bado hazijapata habari ya kukoma. Alikunjua bandeji mezani, akakilaza kijiti kwenye sinia, mke wangu akachukua simu zetu sote na kuzitia kabatini, ya kwangu ikiwa ya mwisho kwa sababu nilikuwa namalizia kumjibu mteja. Begi la dada lipo mlangoni, chini ya ndoano, halijafunguliwa. Leo baada ya chai ameingia kuoga, na mimi, ambaye sijawahi kuwa mzuri wa kutazama tu, nimekusanya vile vitano na kukijaribu.

Kimeingia. Mwaka huu hakikuvimba hata kidogo. Mlio umetoka safi, na nyumba hii ina kuta nyembamba kuliko ile.

Maji yalinyamaza bafuni. Nilikichomoa, nikavirudisha vyote kwenye sinia kama vilivyokuwa, nikakaa juu ya mikono yangu.

"Vipi?" dada aliuliza kutoka kule ndani. "Kimekubali?"

"Bado," nilisema.

Alipita nyuma yangu, miguu mibichi sakafuni, akaenda mpaka mlangoni. Nikasikia zipu.